Mwenye Kununa

Acha niseme wazi tangu mwanzo, nisije nikaonekana mwema: binti wa shangazi yangu nilimwonea wivu, na haukuwa wivu wa kujificha. Ulikuwa wivu wa kukaa naye mezani na kula naye sahani moja. Alikuja kwetu Butembo kutoka Beni wakati vita vilipowafukuza watu wa mtaa wao, kabeba godoro jembamba kichwani na mfuko wa nguo begani, na kabla hajatua mzigo mama alishamkumbatia akilia. Mimi nilisimama mlangoni na sufuria mkononi. Nikaambiwa nimpokee. Nikampokea. Godoro lake likawekwa juu ya langu ili kitanda chetu kiwe laini, naye akapewa upande wa ukutani, ambao miaka yote ulikuwa wangu, kwa sababu eti mgeni halali upande wa baridi.

Kibaya zaidi, alikuja na jina langu.

Wasiotujua inabidi waelezwe. Sisi Wanande mtoto hatafutiwi jina la kikwetu, analikuta linamngoja. Binti wa kwanza ana lake, wa pili ana lake, wa tatu vilevile, na wavulana wana foleni yao. Mimi ni binti wa pili wa baba yangu. Yeye ni binti wa pili wa shangazi. Basi, imekwisha. Majina ya ubatizo tunayo, lakini hayo ni ya padri na ya kadi ya shule. Nyumbani na sokoni tunaitana kwa foleni. Ukisimama katikati ya soko la Butembo ukaliita jina letu kwa sauti, wanawake watakaogeuka ni wengi mpaka utatafuta pa kujificha. Ndiyo maana kwetu jina peke yake halitoshi, lazima ulifungie mkia wa «mwenye», yaani «yule ambaye»: mwenye anauzisha mafuta, mwenye nyumba karibu na kanisa, mwenye mume wake alikwenda Kirumba akasahau kurudi.

Lakini ndani ya nyumba ya baba yangu mimi sikuwa na mkia. Dada yangu alikwisha kuolewa Vuhovi, wadogo zangu wote ni wavulana. Mama akiliita jina lile kutoka jikoni, ni mimi, hakuna mwingine, hata kama ananiita ili anigombeze. Hujui utamu wa kitu hicho mpaka mtu aje akinyang'anye. Binti wa shangazi alipofika, mama aliita jina, tukaitika wawili. Aliita tena, tukaitika wawili. Wadogo zangu wakaona mchezo, na haikupita wiki walikuwa wametugawa. Yeye akawa mwenye kucheka. Mimi nikawa mwenye kununa.

Nilikwenda kwa mama kushtaki.

«Unaona?» mama akasema, anageuza bugali, hata kuniangalia haniangalii. «Unanuna tena.»

Na kweli alikuwa anacheka, yule msichana. Alicheka na mama, alicheka na majirani, alicheka na wadogo zangu waliomwibia sabuni. Maharagwe yakiungua anacheka. Akiamshwa mapema kwenda kuchota maji na baridi ile ya Butembo, ukungu umelala juu ya mikaratusi, anatoka nje anacheka. Watu wakasema, angalia mtoto amekimbia vita, hana kitu, na moyo wake mweupe hivi. Halafu wananitazama mimi niliyelala kwetu, nikala kwetu, na bado uso nimeukunja. Nilikuwa natamani siku moja tu aamke vibaya, apige mlango, amjibu mtu ovyo. Hakunipa nafasi hiyo hata siku moja.

Sasa nije kwenye Kiingereza, maana hapo ndipo nilipotaka kumshinda.

Wakati ule Kinshasa tulikuwa tumekatwa nayo. Mishahara ya serikali haikufika, ndege hazikuja, hata habari zake tulizipata kwa redio za nchi nyingine. Upande uliokuwa wazi, ukiwa na bahati na bariyeri za askari, ni wa mashariki: Beni, Kasindi, halafu Uganda. Wanajeshi wa Uganda walikuwa wanatembea mjini kwetu, bidhaa zote zilitoka Kampala, na huko Kampala Kifaransa chetu cha shule hakikununulii hata chumvi. Kila mfanyabiashara akawa anatafuta mtu wa kumsemea Kiingereza.

Kulikuwa na mama mmoja aliyeuza vikwembe, yaani vitenge, kwa jumla, mwanamke mwenye sauti ndogo na macho yasiyokosa kitu. Alikuwa ametapeliwa na watafsiri wa mitaani huko Kampala mpaka akachoka. Akamwambia mwalimu wetu wa Kiingereza kwamba anatafuta msichana mmoja wa kufuatana naye, awe mdomo wake, na kama akimfaa atakwenda naye kila safari na kumfundisha biashara. Msichana mmoja. Mwalimu akatutangazia darasani, na mimi kuanzia saa ile sikusikia kitu kingine.

Niliitaka nafasi ile kuliko chakula. Diploma yangu ya sekondari nilikuwa nayo, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki chini ya nguo za Jumapili, na haikuwa na kazi. Chuo kikuu kilikuwa ndoto ya watu wenye mjomba ng'ambo. Siku zangu zilikuwa za kupepeta maharagwe ambayo baba alinunua kwa wakulima wa Vuhovi, na mama alishaanza kutaja mbuzi. Kwetu mahari ni mbuzi, na mama akianza kuwataja mbuzi bila sababu, ujue kuna familia imekuja kuulizia. Nilijiona nimekaa uani kwa watu, napepeta maharagwe ya baba mkwe badala ya yale ya baba. Kampala ilikuwa mlango, na mlango wenyewe ulikuwa na upana wa mtu mmoja.

Na huyu mwenzangu mwenye kucheka alikuwa amenitangulia kuufikia. Kule Beni alikuwa anauza chai na maandazi karibu na kambi ya hao wanajeshi wa Uganda, na Kiingereza alikiokota kwa mdomo. Kilikuwa na mashimo kama barabara ya Lubero, lakini kilikwenda. Aliongea, akakosea, akacheka, akaendelea. Mimi nilikuwa najua sheria zote na nikifungua mdomo nasimama kila hatua kuzikagua. Darasa zima lilipenda kumsikiliza yeye. Mimi walinivumilia.

Mwalimu alitoka Kasai. Serikali ilimtuma kwetu kabla ya vita, kisha vita vikamkatia njia ya kwao na njia ya mshahara pamoja. Alikula viazi na maharagwe ambayo wazazi walimletea, na mchana, shule ikiisha, alifundisha Kiingereza katika sali, ule ukumbi wa parokia, kwa yeyote aliyetaka. Kiswahili chake kilijaa Lingala, na Kiingereza alikisema kwa sauti ya padri kwenye mahubiri. Vitabu hakuna. Kulikuwa na chaki, ubao wenye ufa, na mwili wake mrefu, na kwa hivyo alitumia mwili.

Siku moja alilitaja jina letu na kutaka wote wenye jina hilo wasimame. Tukasimama, benchi zikalia sakafuni. Tulikuwa kundi. Akacheka mpaka akakaa juu ya meza.

«Donc, nikitaka mumoja tu kati yenu, nitafanya namna gani?»

«Utasema mwenye,» mtu akajibu kutoka nyuma.

«Voilà. Utasema mwenye.»

Akaanza kutuketisha mmoja mmoja. Mwenye viatu vya njano, kaa. Mwenye alichelewa, kaa. Mwenye mama yake anauzisha samaki, kaa. Tukabaki wawili, mimi na binti wa shangazi, bega kwa bega, tumevaa blauzi za kitambaa kimoja kwa sababu mama alitushonea pamoja. Darasa likaanza kucheka. Mwalimu akatutazama, akasema, «Mwenye alitoka Beni, kaa.» Akakaa, anacheka. Mimi nikabaki nimesimama peke yangu.

«Na huyu,» mwalimu akasema, «sasa hana lazima ya mwenye. Amebaki yeye tu. Nikiita jina, inatosha.»

Nitakuambia ukweli, nilisikia raha. Nilitamani asiniambie nikae.

Halafu akaandika ubaoni. Alitueleza kwamba Wazungu wa Kiingereza nao wana mwenye wao, lakini ni wa aina mbili. Kuna maneno ya kuchagua: watu ni wengi, na maneno yanayofuata jina yanakuambia ni nani hasa. Hayo hayawekewi mikato, ile mikato midogo ambayo sisi tunaiita virgule, kwa sababu ukiyaondoa hujui tena anasemwa nani. Na kuna maneno ya kupamba: mtu ni mmoja, anajulikana tayari, na unachoongeza ni sifa tu. Hayo yanawekewa mkato mbele na mkato nyuma, kama kitu unachoweza kukiinua na kukiweka pembeni. Akaandika «The girl who lives in Butembo», akasema, wasichana ni wengi, huyu ni yule anayeishi Butembo, usiweke mkato. Akaandika «My mother, who lives in Butembo», akasema, mama ni mmoja, aishi Butembo, aishi wapi, ni mama yako tu. Weka mikato yako.

Na kwa sababu hatukuwa na vitabu vya kufanyia mazoezi, alitufundisha mikato kwa pumzi. Kila alipofika kwenye mkato aliinua chaki juu, nasi sote tukavuta pumzi. Pasipo mkato chaki ilibaki chini na ole wako upumue. Watu waliopita nje ya sali wakadhani tunafanya mazoezi ya kwaya. Wengine darasani walichukua wiki nyingi kuelewa tofauti, na wapo ambao hawakuielewa kabisa. Mimi niliielewa papo hapo, na siyo kwa akili. Niliielewa kwa sababu nilikuwa naiishi. Nyumbani nilikuwa nina mikato, na huyu akaja na godoro lake akaniondolea.

Baada ya hapo nikawa mgonjwa wa pumzi. Mama akisema «mutoto wangu mwenye kununa», nasikiliza kama amepumua. Hakupumua. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na siku nzima ingepita hajamwita yeyote, kwa hiyo kwake sikuwa na pa kusikilizia.

Yule mama wa vikwembe akaja darasani siku moja mchana, akakaa kwenye benchi la nyuma, mkoba wake juu ya mapaja. Kiingereza hakujua hata kidogo. Alikuja kutuangalia tu. Kila mmoja akajirekebisha kilemba. Mwalimu, kutaka kuonyesha kazi yake, akaamua kumwita mtu ubaoni, na akasema kwa Kiingereza, taratibu, kila mtu asikie: akalitaja jina letu, akainua chaki, akavuta pumzi, akasema, anayesoma vizuri sana, akainua chaki tena, akavuta pumzi, aje ubaoni. Na akamtazama binti wa shangazi.

Akasimama. Mimi nikasimama pia.

«Mwalimu, umekosea.»

Mwalimu akauliza, «Wapi?»

«Umepumua.» Nilinyoosha kidole kwenye chaki yake. «Umepumua mara mbili. Sisi tuko wawili kwa benchi moja na jina moja. Kama tuko wawili, huwezi kupumua. Ukipumua ni kusema yeye ni mumoja tu, mimi siko.»

Kuna mtu alicheka kwa pua. Mwalimu alinitazama, chaki bado iko juu. Nilifikiri atanitoa nje, maana katika shule zetu mwalimu haambiwi amekosea, na tena mbele ya mgeni. Akateremsha mkono.

«Ni kweli,» akasema. «Nimekosea.» Kisha, kwa pumzi moja, chaki iko chini, akataja jina letu na kusema kwa Kiingereza, mwenye anakasirika anaweza kukaa.

Walicheka mpaka benchi zikasogea. Binti wa shangazi naye alicheka, amesimama pale pembeni yangu. Nikakaa. Nyuma kabisa nilimwona mama wa vikwembe ameinama, anamuuliza jirani yake kitu, na jirani anamwelezea kwa mikono, anainua kidole kama chaki na kuvuta pumzi. Nikajua nimeharibu. Nani atasafiri na msichana anayegombana na mwalimu kwa sababu ya pumzi?

Tulirudi nyumbani kwa mguu, tunapanda mlima. Karibu na nyumba akaniuliza, «Mais juu ya nini ulisimama?»

«Juu alikosea.»

«Ilikuwa mukato tu.»

«Kwako ni mukato tu,» nikamwambia. Nikatangulia mbele.

Siku iliyofuata nilikwenda chemchemi kuchota maji, na foleni ilikuwa ndefu. Nilipoteremka kurudi, kidumu kichwani, nilimkuta mama wa vikwembe anatoka mlangoni kwetu, baba anamsindikiza. Nilisimama ghafla, maji yakanimwagikia begani. Yule mama alisimama. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kwa yale macho yake yasiyokosa kitu, akaniambia «Ujikaze, mutoto,» akaondoka. Sikuelewa. Baba aliingia ndani bila kunitazama.

Alituambia wakati wa chakula. Alimeza tonge, akanywa maji, akasema mama yule atamchukua mwenye kucheka. Wataondoka wiki hiyo hiyo, gari likijaa.

Wadogo zangu wakaacha kutafuna. Mama akaiangalia sahani ya sombe. Binti wa shangazi aliangalia mikono yake.

«Baba,» nikasema, «juu ya nini yeye?»

«Mama ule amekuya, tumeongea, imekwisha.»

«Lakini mimi nina diploma. Yeye hana. Mimi najua kuandika, yeye anajua kuongea tu kama askari.»

«Imekwisha,» baba akasema, na akaendelea kula. Sijawahi kumwona mtu anakula polepole namna ile.

Sitaki kujipamba. Siku zile nilimchukia waziwazi. Mama alitoa sweta yangu ya kijani, ile nzuri, akaifua na kuianika ili mwenzangu asafiri nayo, kwa sababu juu ya lori upepo ni mkali. Niliitazama inaning'inia kwenye kamba, mikono miwili chini, nikasema moyoni: kitanda, jina, Kampala, na sasa sweta. Nilimwambia mama niko tayari kumpa na ngozi, akitaka. Mama hakunijibu kwamba nimenuna. Hilo peke yake lingenishtua, lakini nilikuwa nimejaa hasira, sikuwa na nafasi ya kushtuka.

Jambo jingine nililiona nikalisoma vibaya. Yule msichana aliacha kucheka. Alifagia, aliosha vyombo, aliwabeba wadogo zangu mgongoni, yote kimya. Nikadhani ni maringo. Nikasema, ameshakuwa mtu wa Kampala, sisi hatufai tena kuchekewa.

Asubuhi ya safari baba alisema nimbebee mfuko mpaka kwenye maegesho ya malori. Tulifika jua halijapasua ukungu. Lori la Fuso lilikuwa limepakiwa magunia ya kahawa, na juu ya magunia wanawake walikuwa wanatafuta pa kukaa, wanavutana vikwembe, wanatajiana bariyeri zilizoko mbele na ipi ina askari wabaya. Mmoja alikuwa anasimulia gari lililochomwa njiani wiki ile, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesimulia bei ya vitunguu. Baba alikwenda mbele kuongea na dereva. Mama wa vikwembe alikuwa ameshakaa ndani karibu na dereva, anahesabu rozari yake.

Binti wa shangazi alinishika mkono, akanivuta nyuma ya gurudumu.

«Nataka ujue kitu,» akasema. «Ni weye mama ule alikuya kutafuta.»

Nilimwambia aache utani.

«Sikia. Nilikuwa jikoni, namenya ndizi. Ukuta wenu ni mbao. Mama ule akasema, nataka mwenye kununa. Ule mwenye aliambia mwalimu amekosea mbele ya batu bote. Akasema, ku bariyeri na ku mupaka, mwenye kucheka batamukula. Miye nataka mutu mwenye ataangalia askari ku macho na kusema: umekosea.» Alikuwa anasema haraka, bila kulia. «Baba yako akanyamaza. Mama ule akasema tena. Sasa baba yako akasema: ule ni mutoto wangu. Barabara hii inakula batu. Kama lazima mumoja aende, kamata mwenye alitoka Beni.»

Niliona pumzi yake inatoka nyeupe kwenye baridi.

«Hakutaja hata jina,» akasema. «Alisema tu mwenye alitoka Beni.»

Kisha akaendelea. «Tangu nilifika kwenu niko nakuonea wivu. Haukujua?»

«Miye?»

«Weye. Unanuna, na banakuacha unanuna. Unapiga mulango, na chakula yako inawekwa. Miye nikinuna mu nyumba ya batu, nitalala wapi?»

Dereva akapiga honi. Wanawake wa juu wakanyoosha mikono, wakamvuta. Nilimrushia mfuko. Alikuwa amevaa sweta yangu, mikono ya sweta imemzidi urefu, na alipokaa kwenye magunia akaikunja, akanitazama. Hakucheka.

Ningependa kuandika kwamba nilimwonea huruma. Huruma ilikuja, lakini ilichelewa, ilikuja miezi mingi baadaye. Kitu kilichonijia kwanza pale nyuma ya lori kilikuwa hiki: alikuja kunitafuta mimi. Mtu mwenye macho kama yale alinitafuta mimi, kwa ile kununa yangu ambayo nyumba nzima iliifanya kichekesho, na aliyenikatalia hakuwa huyu msichana. Kwa hiyo wivu wangu haukuisha. Ulikosa tu pa kukaa. Nilimwonea wivu hata kule kutopendwa, kwa sababu asiyependwa sana ndiye aliyepewa Kampala.

Alifika salama. Alirudi, akaenda tena, na siku hizi ana duka lake huko, na akinipigia simu anacheka, kicheko kingine, kizito, cha mtu anayecheka kwake. Mimi nafundisha Kiingereza hapa Butembo. Kila mwaka tukifika kwenye somo lile nawasimamisha wasichana wenye jina letu na kuwaketisha mmoja mmoja, na kila mwaka anayebaki wa mwisho anatabasamu kama nilivyotabasamu mimi. Baba amezeeka. Alinipenda, sina shaka na hilo, na sijawahi kumuuliza. Ila nilitamani siku ile apunguze kunipenda, kiasi cha kuniacha niende.

Lakini hayo ni ya baadaye. Asubuhi ile lori lilitoka, likashuka mteremko wa kuelekea Beni, na vumbi halikuwepo kwa sababu ya umande, kwa hiyo niliiona sweta yangu ya kijani mpaka mwisho. Maegesho yakabaki na majani ya ndizi yaliyokanyagwa, pamoja na sisi wawili, baba na mimi. Alikuja akasimama nyuma yangu. Akaniita.

Aliita jina tu. Hakuweka mwenye, hakuweka kununa, hakuweka kitu chochote nyuma yake, maana nyumbani nilikuwa nimebaki mimi peke yangu na jina lilikuwa linatosha.

Sikuitika. Aliita mara ya pili, polepole, akidhani sijasikia.